Uvimbe nyuma ya kisigino kwa mlinzi anayevaa buti: achomwe steroidi au tuanze na kiatu?

Tabibu_wa_Zahanati:
Wakuu, habari za kazi. Nina mgonjwa wa kiume, miaka 34, mlinzi, anasimama zamu ya saa 12 mfululizo. Alipewa buti mpya ngumu, na wiki tatu baadaye kisigino cha kulia kikavimba kwa nyuma. Uvimbe ni laini, upana wa vidole viwili, ngozi ya juu imekoza weusi na inang'aa. Hana homa wala kidonda. Nikimlaza kifudifudi na kuminya shavu la mguu, unyayo unasogea vizuri, kwa hiyo sidhani kano ya Akilesi (ile inayounganisha shavu la mguu na kisigino) imekatika. Kwingine alishachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, siku tatu. Alipata nafuu, akarudi kazini, maumivu yakarudi.

Wenzake wamemwambia kuna "sindano ya kisigino" inayomaliza kabisa. Nauliza mawili: nitatofautishaje kifuko kilichovimba na kano yenyewe yenye hitilafu? Na hiyo sindano ina nafasi gani hapa?

Mazoezi_Tiba:
Tabibu, nyuma ya kisigino kuna vifuko viwili vya majimaji, vile madaktari wanavyoviita bursa. Kimoja kiko kati ya ngozi na kano ya Akilesi, kingine kimejificha kati ya kano na mfupa. Kazi yake ni kupunguza msuguano. Kikisuguliwa kupita kiasi kinajaa maji na ukuta wake unanenepa.

Kupapasa kutakupa sehemu kubwa ya jibu. Uvimbe unaoonekana kwa macho, ulio pale hasa ukingo wa kiatu unapogusa, ni kifuko cha juu, na maelezo yako yanaelekea huko. Kwa kile cha ndani, weka kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, mbele kidogo ya kano, juu tu ya mfupa wa kisigino, kisha bana. Akiruka hapo, huku kubonyeza kano yenyewe kwa nyuma hakumuumi sana, kifuko cha ndani ndicho kinachosumbua. Kano yenye hitilafu huuma ukiibonyeza yenyewe, huwa nene, na hukaza asubuhi katika hatua za kwanza. Vitu hivi hupenda kuja pamoja, hasa kwa mwenye kinundu cha mfupa juu ya kisigino, kile alichokieleza daktari Patrik Haglund wa Uswidi mwaka 1928. Picha ya eksirei ya kisigino iliyopigwa kwa upande inatosha kukionyesha kinundu. Ultrasaundi itaonyesha maji na hali ya kano.

Kosa ninaloona likirudiwa ni kumwambia mgonjwa asimame kwenye ngazi na kushusha kisigino "avute mshipa". Vidole vinapopanda kuelekea ugoko, kano hukandamiza kifuko cha ndani kwenye mfupa. Ukimfanyisha hivyo asubuhi na jioni, unakichokoza mara mbili kwa siku. Kuchuchumaa chooni visigino vikiwa vimekanyaga chini kunaleta mkandamizo uleule, na wengi wanasahau kumuuliza mgonjwa jambo hilo. Ainue visigino kidogo, au atumie choo cha kukaa kama kipo.

Fundi_Kalibu:
Mimi niko upande wa kiatu. Kabla ya dawa, jueni buti linagusa wapi. Paka chaki nyingi kwenye soksi juu ya uvimbe, avae buti, atembee hatua ishirini, kisha avue taratibu. Alama nyeupe ndani ya buti ndiyo sehemu ya kushughulikia.

Kama ni ngozi halisi, lowanisha sehemu hiyo kwa ndani na spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, igonge polepole kwa nyundo ya kichwa cha mviringo juu ya kalibu (lile umbo la mguu la kutengenezea viatu), uiache kwenye kalibu hadi kesho yake. Ngozi ya bandia haitanuki, itakupotezea muda tu. Na buti nyingi za ulinzi zina kipande kigumu cha plastiki kati ya ngozi na bitana, yaani kitambaa cha ndani. Hapo fungua mshono wa bitana, punguza plastiki kwa kisu pale penye alama, chonga ukingo wake uwe mwembamba, kisha shona upya. Ukiuacha ukingo mkali utatengeneza jeraha jingine.

Msijaze sponji juu ya uvimbe. Nafasi ndani ya buti haiongezeki, kwa hiyo sponji inazidisha mbano. Badala yake kata kipande chenye unene wa milimita 5 na tundu kubwa kuliko uvimbe, ukingo wake ndio ubebe mzigo.

Kinyanyuzi cha kisigino kiwe cha koki au mpira mgumu, sentimita 1 hivi, na kiwekwe kwenye buti ZOTE mbili, la sivyo atalalamika kiuno. Sponji ya godoro haifai, inabonyea siku ya kwanza. Baada ya kukiweka, rudia jaribio la chaki. Mguu umepanda, huenda uvimbe sasa unakutana na ukingo wa juu wa buti.

Mfamasia_Ziwa:
Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, siku 5 hadi 7, inatosha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asipewe. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni mbadala mzuri kwa sababu sehemu yenyewe haiko mbali na ngozi. Sindano ya diklofenaki ya tako haina cha ziada kwa mtu anayeweza kumeza, sana sana unahatarisha neva. Barafu izungushiwe kitambaa, dakika 15, mara tatu au nne kwa siku.

Steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe iliyo kwenye hiyo "sindano ya kisigino": hapana, si kwa kubahatisha kwa mkono. Ikiingia kwenye kano inaidhoofisha, na kano ya Akilesi ikikatika habari ni nyingine kabisa. Ikilazimu, ni kwa daktari anayeiona sindano kwenye ultrasaundi, na mguu upumzishwe baadaye.

Muulize pia kama karibuni alimeza siprofloksasini, ile antibayotiki. Watu wanainunua kiholela kwa "taifodi" na "yutiai" (maambukizi ya njia ya mkojo). Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe onyo zito kwa sababu ya kuvimba na kukatika kwa kano. Hatari hupanda kwa mwenye umri zaidi ya miaka 60 na kwa anayetumia prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, wakati huohuo.

Tabibu_wa_Zahanati:
Shukrani sana. Siprofloksasini hajatumia. Je, nikiyavuta yale maji kwa bomba la sindano hapa zahanati? Na arudi kazini lini?

Mazoezi_Tiba:
Usiyavute hapo. Ngozi ya eneo hilo ni nyembamba na bado inasuguliwa. Ukiingiza vijidudu umegeuza msuguano kuwa usaha. Maji hujaa tena iwapo buti ni lilelile. Chale nazo zina hatari hiyohiyo. Kukiwa na joto kali, wekundu au weusi unaotambaa, homa, au mgonjwa ana kisukari, mpe rufaa siku hiyohiyo. Maji yatavutwa hospitali katika usafi kamili na kupelekwa maabara.

Kazini anaweza kurudi hata wiki hii, ila avae kiatu kilicho wazi nyuma na chenye kisigino kidogo. Kandambili bapa hapana, haziinui kisigino. Mwandikie mwajiri barua ya kumruhusu, na apewe nafasi ya kukaa.

Mazoezi aanze maumivu ya kugusa yakipungua. Asimame sakafuni, ashike ukuta, ainue visigino vyote viwili kidogo, atulie sekunde 30 hadi 45, mara 5. Akizoea, apande na kushuka polepole, 15 mara tatu, kisigino kisishuke chini ya usawa wa sakafu. Kisha mguu mmoja, kisha mkoba wenye kilo 5 za mchanga. Maumivu ya wastani wakati wa zoezi si tatizo, mradi asubuhi yake yasiwe yamezidi. Mpe wiki 6 hadi 12. Upasuaji hauzungumzwi kabla ya miezi 6 ya kufuata haya kwa dhati.

Kisigino cha pili kikianza kuvimba bila buti kukigusa, au mgongo ukakaza asubuhi zaidi ya nusu saa, acha kumlaumu fundi. Muulize kuhusu kuharisha au usaha wa njia ya mkojo wiki za nyuma, macho mekundu, na gauti (ugonjwa wa viungo unaotokana na asidi ya yuriki). Huyo anahitaji daktari wa magonjwa ya ndani.