Umegonga pikipiki yangu ya Dream kwa patasi huku unaongea na simu. UNAJIJUA!

Wanajamvi, nimeandika hii mikono inatetemeka, kwa hiyo mkiona herufi imeruka msinisahihishe. Jina simtaji. Malindi nzima mnamjua. Yule anayeingia kwa watu bila hodi, akikuta kitu kina nati haondoki mpaka akifungue. Yule aliyeitiwa friji Maweni, ikaingia mikononi mwake inagandisha, ikatoka inachemsha maji.

Wengi wenu humu mnajua ninaifufua Honda Dream C72 ya mwaka 1962. 247cc, silinda mbili, inawaka kwa stata ya umeme, fremu yake bati lililokunjwa kwa mashine, si mabomba, na taa ya mbele ya mraba. Niliitoa Mambrui kwenye banda la kuku. Na hewa yetu hii ya chumvi mnaijua. Skrubu ni chuma, kifuniko cha injini ni alumini, chumvi ikishaingia katikati havitaki kuachana mpaka kiama.

Watu wamenisaidia, siwezi kukataa. Mmoja wa Mombasa alinipigia picha kitabu cha vipuri ukurasa kwa ukurasa. Mholanzi asiyenijua hata sura kanitumia gasketi. Na mpenzi mwenzetu wa Japani, Mungu amzidishie, kanitumia bisibisi ya JIS, yaani ya vipimo vya Kijapani. Kwa wasiojua: skrubu za Honda za enzi hizo kichwani zina msalaba, lakini si msalaba wa bisibisi ya nyota inayouzwa kila duka. Ile ya nyota ncha yake haifiki chini. Ukitia nguvu inapanda juu, inateleza, inakula kichwa cha skrubu. Ya JIS inakaa ikashika. Jicho halioni tofauti, lakini skrubu inaijua.

Sasa sikilizeni. Kifuniko cha kushoto skrubu zote zilitoka, ikabaki moja. Nikaitia mafuta ya kulegeza kutu, nikaiacha iyanywe taratibu. Nikaingia ndani kuswali alasiri. Natoka, namkuta kachuchumaa. Patasi ya useremala mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, na SIMU KAIBANA BEGANI.

Anaongea habari za mbuzi!

"Mwambie apunguze," KAP! "Ni beberu au jike?" KAP! "Elfu kumi ghali hiyo," KAP! Na kifuniko cha watu kikalia.

Bisibisi ya Mjapani ilikuwa juu ya gazeti kando ya goti lake. Bado ina ute wa mafuta ya kiwandani.

Ufa umeanzia kwenye tundu la skrubu ukateremka hadi karibu na pedali ya gia. Ukucha unaingia. Kidogo tu ungeingia na kidole.

Mnajua kaniambia nini? "Ilikuwa imeshaoza, mimi nimekuonyesha tu." Halafu, mbele ya vijana wa boda waliojikinga jua pale kibarazani: "Chuma hiki ungekipima kwa kilo, ukaongeza kidogo ukachukua pikipiki ya Boxer." Wakacheka mpaka mmoja akaanguka na helmeti yake. Halafu akaniomba ya soda. SODA! Na simu bado begani! Hakukata! Mwenye mbuzi kasikia injini yangu inapasuka laivu.

Pwani_Poa: Pole sana yakhe. Kwani beberu aliisha kwa bei gani?

Mwenye uzi: Toka hapa.

Pwani_Poa: Nauliza tu, Idi inakaribia.

Bi_Kaimati: Huyo huyo aliniunganishia bomba. Sasa nikifungua maji jikoni, choo kinajaa. Nimempigia simu akasema nishukuru, angalau maji yanafika.

Kijana_wa_Muyeye: Mimi nilikuwepo kibarazani. Si mmoja aliyeanguka, tulikuwa wawili. Na mzee hajawaambia kwamba alitoka ndani mbio na kiatu cha mkewe.

Mwenye uzi: Kiatu kinahusu nini? Mtu kapiga patasi huku anaongea na simu, wewe unaangalia miguu yangu?

Kijana_wa_Muyeye: Kilikuwa na ua.

SilindaMbili: Una hakika ni C72 na si C71? C71 ina tangi lake la oili mbali, C72 oili inakaa chini ndani ya injini yenyewe. Watu wanazichanganya sana. Weka picha.

Mwenye uzi: NI C72. Nimewaambia mtu kanipasulia kifuniko, wewe unaniletea mtihani.

SilindaMbili: Picha tu mzee wangu. Kwenye soko la vipuri ukikosea herufi moja unatumiwa kitu cha pikipiki nyingine, halafu unakuja kulia tena humu.

Mwana_Gereji: Tuwe wakweli kidogo. Bisibisi ya kugonga nayo inapigwa nyundo. Hakuna gereji isiyokuwa nayo.

Mwenye uzi: Ile ukiigonga inajizungusha yenyewe! Ndiyo kazi yake! Patasi inajizungusha wapi? Na wewe ukiitumia unaongea habari za mbuzi?

Mwana_Gereji: Inategemea mbuzi.

Mzee_Baskeli: Mwanangu, alumini inachomelewa kwa gesi ya agoni vizuri tu. Safisha oili yote kwanza, la sivyo utapata matundu matundu. Na usimpe yule.

Bi_Kaimati: Mkimaliza na pikipiki, kuna mtu anajua fundi cherehani ambaye hakati kitambaa cha mtu akamshonea mwanawe? Buibui langu limerudi halifiki kwenye kifundo, na binti yake nimemwona sokoni kavaa mkoba wa kitambaa kile kile.

Pwani_Poa: Duh! Wa pale karibu na msikiti?

Bi_Kaimati: Simtaji. Mnamjua.

Kijana_wa_Muyeye: Huyo suruali yangu aliirudisha mguu mmoja mrefu. Akasema nijaribu kutembea upande upande.

Mwenye uzi: Jamani, uzi huu ni wa Dream. Fungueni wenu.

Nahodha_wa_Amu: Nyinyi watu wa Malindi mnalilia kifuniko? Ndooni Lamu. Nilimwazima mtu mashine yangu ya boti. Pini ya propela ikamkatikia, na ile pini imewekwa ikatike, ndiyo inayookoa gia mukigonga. Yeye kaona pini dhaifu, akatia msumari. Akaniletea mashine, hakusema neno. Nikapakia abiria, tukagonga fungu huko kwenye mkondo wa Mkanda, msumari ukasimama imara kabisa. Gia ndizo zilizokatika.

Mzee_Baskeli: Subhanallah. Na maji yalikuwa yanajaa au yanatoka?

Nahodha_wa_Amu: Yanatoka! Tulikaa mikokoni mpaka yakajaa tena, mbu wanatusomea majina. Kuna mama alikuwa na kuku kikapuni, kuku katoroka akapanda mkoko. Nauli wote walitaka warudishiwe, na mama akataka kuku.

Bi_Kaimati: Ana haki ya kuku wake.

SilindaMbili: Mashine ni ya farasi wangapi? Za kumi na tano kwenda juu nyingi hazina pini, zina mpira ndani ya propela.

Nahodha_wa_Amu: Ndogo, ya nane. Ina pini.

Mwenye uzi: Naomba turudi kwenye patasi.

Pwani_Poa: Nahodha, huyo kuku mulimpata?

Nahodha_wa_Amu: Kuku yupo kwangu. Mama anasema si yeye, wa kwake alikuwa na kishungi. Kesho tuna kikao kwa mzee wa mtaa.