Mashine mbili za kusaga, foleni moja: A amlipe B kiasi gani?

Wakuu, naomba ushauri. Wenye mashine wawili hapa Masasi, A na B, majirani, wanataka kuunganisha foleni: mteja anapewa namba, mashine iliyo tupu inamchukua. Kila mashine inahudumia wastani wa wateja 12 kwa saa. A anapata 10 kwa saa, B 6.

Kwa hesabu ya kawaida ya foleni (wateja wanakuja bila mpangilio, mizigo hailingani), mteja wa A anasubiri dakika 25 kabla ya kusagiwa, wa B dakika 5. Wakiungana, wote dakika 4.

Ugumu ndio huo. B anaokoa dakika moja tu, huku mashine yake ikipanda kutoka wateja 6 hadi 8 kwa saa: nyundo, mkanda na umeme ni vyake. Gharama ya kusubiri ikigawanywa kwa idadi ya wateja, 10 kwa 6, B hapati hasara ila faida yake ni kiduchu, atajitoa mapema. Kwa kanuni ya Shapley (njia ya kihesabu ya kugawana faida ya ushirikiano kwa mchango wa kila mmoja), wastani wa wateja wanaosubiri kwa mashine zote mbili unapungua kutoka 4.67 hadi 1.07, na hizo 3.6 zinagawanywa nusu kwa nusu. Wateja wa B peke yao hawaokoi nusu hiyo, kwa hiyo A amlipe B tofauti. Binafsi naona ndiyo haki.

Walioko Newala au Nachingwea: malipo hayo yawe kwa debe au kwa mwezi? Na chekeche zisipolingana, wateja wa makopa (muhogo mkavu) wakikataa mashine ya pili, mnafanyaje?