Mrejesho: niliyeuliza nitajuaje kama nimeokoka kweli

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza nitajuaje nimeokoka wakati nikiomba sisikii chochote. Wengi mlisema nifunge. Nilifunga, nikaambulia vidonda vya tumbo kunikumbusha vipo. Kilichonishika ni Wagalatia 4:9, aliponiambia mmoja wenu niisome polepole. Paulo anaandika kwamba wamemjua Mungu, halafu anajirekebisha hapohapo: au zaidi, wamejulikana naye. Nilikuwa kwenye daladala ya Kiboriloni hapa Moshi, mkungu wa ndizi wa mtu umenibana magoti, nikaurudia mstari huo hadi nikapitiliza kituo. Kumbe miaka yote nilikuwa napima ninavyomjua mimi! Jana usiku niliomba, kimya kilekile. Nikalala. Asubuhi mama mkwe kaniuliza, “Mbona leo hukukesha?”