Tupeane uzoefu: siku barafu au mvuke ulipokutenda

Mleta mada
Ndugu zangu, jana usiku nimeamshwa na mlio wa kioo, nikadhani dirisha linavunjwa, kumbe ni chupa ya maji niliyoijaza hadi shingoni, nikakaza kizibo na kuisahau kwenye friza. Nilikuta barafu imesimama peke yake ikiwa na umbo kamili la chupa, na vipande vya kioo vimeigandama kama maganda ya yai. Nilijua kwamba maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa asilimia 9 hivi, lakini sikuwahi kuyaona yakifanya kazi hiyo. Nani mwingine yamemkuta?

Fundi Friza
Yamenikuta mara mbili. Acha nafasi ya vidole viwili na usikaze kizibo.

Mama Wawili
Nafasi hiyo haitoshi, fundi, kwa sababu maji ya shingoni yanaweza kuganda mapema yakaziba njia, na yale ya chini yakakosa pa kutanukia. Chupa ya kioo isiingie friza kabisa.

Mkono wa Kulia
Mada hii imenitonesha kidonda. Aliyenidhuru mimi ni mvuke. Nilikuwa na sufuria kubwa iliyotokota kwa muda mrefu, nikaushika mfuniko kwa kitambaa na kuuinua vibaya, upande wa karibu nami ukafunguka kwanza. Kilichotoka sikukiona. Nilihisi ubaridi wa ajabu mkononi, ubaridi kabisa, kwa muda wa pumzi moja, kisha moto, na ngozi kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko ikakunjamana mbele ya macho yangu kama utando wa maziwa. Nilishindwa kuelewa, kwa maana nilikwisha kurukiwa na matone ya maji yanayochemka mara nyingi na hayakunifanya hivyo. Baadaye ndipo nilipojifunza habari ya joto fiche: gramu 1 ya maji ya nyuzi 100 ikipoa hadi nyuzi 37 za mwili hutoa jouli 260 hivi, lakini gramu 1 ya mvuke wa nyuzi 100 hizo hizo, kabla haijaanza hata kupoa, hutoa kwanza jouli 2,260 hivi kwa kule kugeuka tu kuwa maji juu ya ngozi. Kipimajoto hakikuonyeshi tofauti hiyo.

Mama Wawili
Pole sana, dada. Nimesoma huku nimeshika mkono wangu.

Fundi Friza
Pole. Ungeweka barafu hapo hapo.

Mwalimu Mstaafu
Hapana, fundi, barafu huidhuru zaidi ngozi iliyoungua. Ni maji baridi ya bomba yanayotiririka, kwa dakika 20. Tena tuzingatie kwamba dada hakukiona kilichomchoma, kwa sababu mvuke hauonekani.

Fundi Friza
Mwalimu, mvuke kila mtu anauona ukitoka kwenye birika.

Mwalimu Mstaafu
Tazama pale mdomoni mwa birika. Kabla weupe haujaanza pana nafasi inayoonekana tupu, na hiyo ndiyo yenye mvuke. Weupe ule ni matone madogo sana ya maji, yaani mvuke uliokwisha kupoa ukarudi kuwa kimiminika.

Fundi Friza
Basi tunabishania jina tu, kwani watu huita vyote mvuke.

Mwalimu Mstaafu
Mtu anayekwepa weupe peke yake atapitisha mkono penye hatari kubwa zaidi, ndiyo maana silifanyi kuwa suala la jina.

Kabati la Nguo
Mimi nilimdhulumu mdogo wangu. Vidonge vya naftalini nilivyoweka kati ya nguo vilipungua wiki hadi wiki, nguo hazikulowa wala hapakuwa na chembe iliyomwagika, nikamshitaki kwa mama kwamba anaviiba, naye akaadhibiwa. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba naftalini hutoka kwenye yabisi na kuwa gesi bila kupitia umajimaji, na kwamba ile harufu ya kabatini ndiyo vidonge vyenyewe vikiondoka. Nimemwomba radhi tukiwa watu wazima, na hata leo nikiisikia harufu hiyo moyo huniuma.

Mkono wa Kulia
Mwalimu, asubuhi hii nimechemsha birika nikalitazama kwa mbali. Ile nafasi ipo, upana wa kidole hivi, na ukuta wa nyuma unaonekana kupitia hapo bila doa lolote.