Chokaa ya kilimo Mbozi: mifuko mingapi kwa ekari, na nini cha kukagua kabla ya kulipa?

mahindi_mbozi:
Habari wakuu. Kikundi chetu kinataka kuleta chokaa ya kilimo kabla ya mvua za Novemba. Majibu ya maabara: pH 4.8 (udongo una tindikali nyingi), mfinyanzi mwekundu. Tunalima mahindi na maharage. Muuzaji wa kwanza ana unga laini mweupe. Wa pili bei yake iko chini ila ina chengachenga. Fuso linabeba tani 10. Tuchukue ya nani, na kiasi gani?

kokoto_na_unga:
Mkuu, weupe si kigezo. Jasi nayo ni nyeupe na haipandishi pH. Dondoshea siki: mawe ya chokaa yanatoa povu mara moja, dolomaiti inatoa povu polepole, jasi inatulia tu.

Halafu pima usagaji. Chukua kilo moja kavu, ipitishe kwenye chekeche la milimita 2, kisha la milimita 0.25. Kwa hesabu ya haraka, iliyopita la 0.25 ihesabu yote, ya katikati ihesabu nusu, iliyobaki juu ya la 2 ni kokoto tu kwa msimu huu. Tuseme gramu 600 zimepita, 300 ziko katikati, 100 zimebaki juu: hiyo ni asilimia 75. Kama cheti kinasema nguvu yake ni asilimia 90 ya kalsiamu kaboneti halisi, zidisha, unapata 67.5. Kwa hiyo penye mahitaji ya kilo 800 za chokaa kamili unabeba karibu kilo 1,185, yaani mifuko 24 ya kilo 50 badala ya 16. Nauli ya hiyo mifuko 8 ndiyo inayoimeza bei nafuu ya huyo wa pili.

Uliza na unyevu. Ikiwa na asilimia 8 ya maji, kila tani umelipia kilo 80 za maji.

udongo_kwanza:
Naongezea: pH peke yake haitoi kiasi. Mfinyanzi unahitaji chokaa nyingi kuliko kichanga chenye pH ileile. Rudi maabara (TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo Mbeya, wanapima) uombe kipimo cha aluminiamu, maana ndiyo inayodumaza mizizi ya mahindi chini ya pH 5.5. Tani 2 kwa hekta, sawa na mifuko 16 kwa ekari, ni makadirio ya kuanzia tu; hapo fuso moja linatosha ekari 12 na nusu. Msizidishe kwa kudhani nyingi ni bora: zinki inafungwa, na mahindi machanga yanatoa mistari myeupe.

mahindi_mbozi:
Shukrani sana. Tunaweza kumwaga pamoja na mbolea ya DAP siku ya kupanda ili kuokoa vibarua?

kokoto_na_unga:
Hapana. Zikigusana, amonia inapotea hewani na fosforasi inashikwa na kalsiamu. Chokaa imwagwe wiki 3 au 4 kabla, nusu kwa urefu wa shamba na nusu kwa upana, kisha ipigwe haro hadi sentimita 15. Ikibaki juu, ni sentimita chache tu za udongo zitakazobadilika. Pesa haitoshi? Kilo 200 kwa ekari kwenye mistari ya kupandia, kila msimu, ni afadhali kuliko kutawanya kilo 200 hizo shamba zima. Siku ya kumwaga upepo uwe umetulia, na vibarua wafunge pua.

udongo_kwanza:
Mipakani mwa kahawa na chai angalieni. Chai inataka udongo wenye tindikali, msiipelekee kabisa. Na mzigo uje Septemba au Oktoba wakati njia za vijijini zinapitika. Mifuko iwekwe juu ya mbao, si sakafuni.