Mzunguko wa baiskeli Malindi – Jilore – msituni – Gede: yaliyokukuta njiani, tupeane uzoefu

Mwana wa Barani: Assalaam aleikum wote. Jana jioni kijana wangu karudi na baiskeli, udongo mwekundu umeganda mpaka kwenye mnyororo. Hakusema katoka wapi, na sikuuliza. Udongo ule naujua: ni wa msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Jilore. Nilikaa barazani kahawa ikapoa. Mimi mwenyewe nimeuzunguka ule mzunguko nikiwa na umri wake: Ganda, Kakuyuni, Jilore, unakata msitu, unatokea Gede, unarudi mjini kwa lami. Waliopita, hebu semeni. Nataka kujua kama ni vile vile.

Fundi Ganda: Ni vile vile. Jilore napo kuna ule mwinuko, lazima ushuke usukume.

Bi Mkubwa Shella: Mzunguko mzuri, lakini vijana wanauanza upande usiofaa. Tazameni upepo kwanza! Kusi ikivuma, anza na Kakuyuni, ukitokea Gede upepo unakusukuma mgongoni mpaka mjini. Kaskazi ikiingia, geuza: Gede kwanza. Mimi niliwahi kurudi kutoka Gede mwezi wa Januari, kilomita kama 16 tu zile, upepo usoni, nikafika magharibi imeshaadhiniwa.

Fundi Ganda: Bi Mkubwa, kwa heshima zote, upepo si kitu. Ni mchanga. Ukitoka kwenye udongo mwekundu unaingia kwenye miti ya mirihi, na chini ya mirihi ni mchanga mweupe mtupu, gurudumu linazama. Ukianza na Gede mchanga unaupata ungali na nguvu. Mimi nasema Gede kwanza, mwaka mzima.

Bi Mkubwa Shella: Mwanangu, wewe huziba pancha kivulini, upepo utaujulia wapi? Muulize mvuvi yeyote.

Sabaki Juu: Punguza upepo wa tairi kidogo, mchanga hautakusumbua.

Fundi Ganda: Ukipunguza, mwiba unaingia hadi kwenye tyubu. Msimsikilize.

Kaka wa Jilore: Nilisema sitaandika, lakini huo udongo kwenye mnyororo umenirudisha.

Nilikuwa kidato cha pili. Shangazi yetu wa Gede alikuwa mgonjwa, mama akanituma nimpelekee unga na kuku mmoja. Mdogo wangu, wa miaka minane, akalilia kwenda, nikampakia nyuma kwenye karia, kuku akamshika yeye. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Tulipita njia ya msituni kwa sababu ni fupi.

Anayejua ule udongo anajua ukilowa unafanya nini. Unajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu halizunguki. Kila mwendo kidogo nashuka, nakwangua kwa kijiti, napanda. Mara ya nne au ya tano, nimechuchumaa nakwangua, mdogo wangu akanong'ona: "Kaka, ule mti unapumua."

Nikainua macho. Alikuwa ndovu, kajipaka udongo ule ule, rangi moja na vichaka. Karibu kiasi cha kuona kope zake.

Babu alitufundisha: ukimwona ndovu, chukua vumbi ulidondoshe, ujue upepo unakwenda wapi. Vumbi halikuwepo, kila kitu kimelowa. Ndipo harufu yake ikanifikia, ile ya zizi na majani yaliyotafunwa. Nikajiambia: mimi namnusa, basi upepo unatoka kwake kuja kwetu, yeye hajatunusa. Nikamshika mdogo wangu mkono, tukarudi nyuma hatua kwa hatua, baiskeli tukaiacha, unga tukauacha. Kuku hakumwachia.

Tukajibanza nyuma ya mti wa mbambakofi. Na hapa ndipo pananisumbua mpaka leo. Nilipiga hesabu. Nilijua peke yangu naweza kukimbia nikafika Jilore, na pamoja naye siwezi. Hesabu ile niliimaliza yote kichwani, huku yeye kanishika shati kwa nyuma kwa mikono miwili, kuku kambana kwapani. Sikukimbia. Lakini niliipiga.

Ndovu aliula unga wote na mfuko wake. Halafu akaikanyaga baiskeli, sijui kwa hasira au kwa kupita tu, rimu ya mbele ikakunjika kama chapati. Akaondoka taratibu. Tulingoja mpaka jua likapinda, nikabeba fremu begani, tukatokea Gede jioni. Shangazi alituona akainuka kitandani.

Mwana wa Barani: Subhanallah.

Sabaki Juu: Na mdogo wako yuko wapi siku hizi?

Kaka wa Jilore: Yuko Watamu, ana watoto watatu. Anaisimulia hadithi hii kila sikukuu, ananiita shujaa mbele ya wanawe. Sijamwambia kuhusu ile hesabu.

Bi Mkubwa Shella: Mwambie, mwanangu. Atakupenda zaidi.

Jirani wa Magofu: Usimwambie! Mambo mengine huzikwa na mwenyewe.

Sabaki Juu: Ndiyo maana siku hizi lazima upite kituo cha msitu, ulipe, na ni vyema uende na askari. Kupita kiholela ni makosa.

Jirani wa Magofu: Njia za babu zetu tunalipia? Na hicho kibali ndovu atakisoma?

Sabaki Juu: Askari anajua wamelala wapi usiku. Kilomita za mraba 420 zile, wewe unajua? Ndovu hao hao wanaoshukia mashamba ya Kakuyuni.

Jirani wa Magofu: Sawa, hilo la mashamba nakubali. Ila kijana akifika Gede aingie magofuni, kwenye ule mji wa kale, apumzike. Kuna kaburi limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mimi nimekulia pale, na bado nikilipita nateremka kwenye baiskeli.

Fundi Ganda: Kwa anayeogopa ndovu, aende Mambrui. Vuka daraja la Sabaki, mto ukiwa umejaa utaona maji mekundu yanaingia baharini, na ndege heroe mdomoni mwa mto. Mambrui kaone kaburi la mnara lililopachikwa vyombo vya Kichina.

Bi Mkubwa Shella: Na viboko wa Sabaki je? Hao si wanyama?

Fundi Ganda: Darajani hawapandi, Bi Mkubwa.

Mwana wa Barani: Nimemsomea kijana hadithi ya Kaka wa Jilore, yote. Akanyamaza kidogo, akasema Jumamosi anarudi. Nimemwambia nakwenda naye, na tunapitia kituoni kwanza. Fundi, niwekee tyubu mbili na ule mpira wa breki. Madigadi nitazing'oa mwenyewe usiku huu.

Kaka wa Jilore: Mkifika kwenye mbambakofi mkubwa kushoto, nipigieni picha.