Ukileta jibu la ChatGPT, lete na swali uliloliuliza

Kutoka: Shangazi, Moshi

Wapendwa, habari za huko. Sisi Kiboriloni ni wazima, ila mvua hainyamazi na mlima hatujauona siku ya tatu leo.

Wengine mnataka vijana waache kubandika humu kwenye kundi letu mazungumzo yao na akili mnemba. Mimi nawaomba waendelee, tena wayalete mazima.

Mtoto wa kaka yangu anasoma Glasgow, kule Scotland. Alipohama chumba, mwenye nyumba akaanza kumzungusha kuhusu kumrudishia dipoziti, ile pesa ya dhamana aliyoweka alipopanga. Akamuuliza ChatGPT kwa Kiswahili, nasi akatuletea jibu tu: pesa ilitakiwa ihifadhiwe kwenye mfuko unaotambuliwa na sheria ndani ya siku 30, la sivyo mwenye nyumba anashtakiwa, na muda wa kushtaki ni miaka sita. Baba yake akafurahi, akamwambia amalize masomo kwanza, kesi itamsubiri.

Mimi nimeishi Glasgow miaka 11, na hiyo miaka sita haikuniingia akilini. Nikamwambia, mwanangu, nitumie yote tangu salamu. Swali lake lilianza hivi: "Niko Uingereza, mwenye nyumba wangu..." Neno Glasgow halimo, wala Scotland. Sisi tukisema Uingereza tunamaanisha kuanzia London hadi Aberdeen. Mashine ikaelewa England, ikampa sheria ya England. Scotland wana yao: siku 30 ni za kazi, shauri linakwenda kwenye baraza lao la nyumba, na mwisho wa kulipeleka ni miezi mitatu tangu upangaji uishe. Miezi mitatu! Masomo yangeisha na haki yake imeshapotea.

Jibu lile halikuwa la uongo, lilikuwa la nchi ya jirani. Bila kuliona swali nisingejua.

Kutoka: Mdogo wenu, Leicester

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mmoja wa waliolalamika. Kinachonitisha ni siri za watu. Mwaka 2025 mazungumzo ya ChatGPT ambayo watu waliyatolea linki yalikutwa kwenye Google, mengine ya magonjwa na ndoa. Waliweka tiki ya kuruhusu yatafutwe, na wengi hawakujua wanaruhusu nini. OpenAI wakaiondoa tiki hiyo, lakini yaliyosomwa yameshasomwa. Tena vijana wetu wanaandika humo hadi namba za viza.

Kutoka: Shangazi, Moshi

Marahaba mwanangu. Hapo nakubaliana nawe kabisa. Basi wasitume linki. Wakopi maandishi, wafute jina, anwani, namba ya viza na ya mkataba, na kila kinachomtambulisha mtu mwingine. Mji tu wasiufute.

Kijana amepeleka maombi yake barazani Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tisa.